Abdurrahman bin Auf: Mpiganaji wa Badri Aliyekuwa Mfanyabiashara



Katika mitaa yetu ya pwani, akifa mtu aliyekuwa na mali huzuka maneno ya namna mbili. Wako wanaomsifu kwa nyumba zake na maduka yake, kama kwamba hizo ndizo amali alizokwenda nazo kaburini. Na wako wanaotikisa vichwa, wakasema kuwa mwenye duka kubwa hana nafasi ya dini, na kwamba ucha Mungu ni wa yule aliyechakaa kanzu. Maneno yote mawili nimeyasikia barazani, na yote mawili hayanipendezi. Basi leo nataka nikukumbushe maisha ya mtu mmoja aliyekusanya mambo matatu ambayo watu wetu hudhani hayakai pamoja. Alikuwa mpiganaji mwenye makovu ya vita mwilini, alikuwa mfanyabiashara mkubwa, na alikuwa mtu wa watu wake, mwenye wake na watoto na jamaa aliowatazama mpaka siku ya kufa kwake. Naye ni sayyidna Abdurrahman bin Auf, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi, mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo wangali hai.

Alizaliwa Makka, miaka kumi hivi baada ya Mwaka wa Ndovu, katika ukoo wa Bani Zuhra, ambao ndio ukoo wa Bibi Amina, mamake Mtume wetu (S.A.W.). Jina lake la ujahili lilikuwa Abdu Amr. Alisilimu mapema sana kwa mkono wa sayyidna Abubakar, akiwa katika watu wanane wa mwanzo, na Mtume (S.A.W.) akambadilisha jina akamwita Abdurrahman, mja wa Mwingi wa Rehema. Lishike jina hili, msomaji, kwani litarudi mbele. Walipoudhiwa Waislamu alikuwa miongoni mwa waliovuka bahari kwenda Habasha, yaani alifika upande wetu huu wa bara la Afrika kabla hajafika Madina.

Alipohamia Madina, mwaka 622, alifika mikono mitupu. Mali yote ya Makka ilibaki nyuma. Mtume (S.A.W.) akamuunga udugu na Saad bin Rabii, mtu wa Ansari, tajiri. Saad akamwambia kuwa yeye ndiye mwenye mali nyingi katika watu wa Madina, basi atamgawia nusu yake. Na ana wake wawili, amtazame anayempendeza, naye atamwacha, na eda ikisha amuoe. Msomaji, ukarimu wa namna hii sijui kama umetokea mara ya pili duniani. Lakini tazama jawabu ya Abdurrahman. Alimuombea baraka katika mali yake na ahali yake, kisha akamwomba jambo moja tu, amwonyeshe soko liko wapi.

Akaonyeshwa soko la Bani Qaynuqaa. Alikwenda asubuhi, akanunua na kuuza, na jioni akarudi na samli na jibini kavu. Kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa tena. Huo ndio mwanzo wa mali iliyokuja kuwa mfano. Hakuanza kwa dhahabu wala kwa msafara, alianza kwa samli, kitu ambacho hata leo kijana wa Lamu au wa Tanga aweza kukibeba begani.

Nimesomesha watoto wa pwani kwa zaidi ya miaka 40, na kila nifikapo kwenye hadithi hii huwauliza vijana, ni yupi katika wawili hawa aliyefanya tendo lililo gumu zaidi? Wengi hunijibu Saad, kwa kuwa alitoa. Siwakatai. Lakini mimi naona kukataa kwa Abdurrahman kulikuwa kugumu vilevile, kwa sababu alikuwa na haja. Mwenye njaa kupewa nusu ya mali ya mtu kwa haki, kwa radhi, mbele ya Mtume, na bado akasema nionyeshe soko! Sisi tunao vijana wenye nguvu wanaokaa kibarazani kuanzia adhuhuri mpaka isha, wakingojea hawala ya mjomba aliyeko Maskati au ya dada aliyeko Uingereza, na hawala ikichelewa siku mbili ndugu huyo huitwa bakhili.

Haukupita muda, Mtume (S.A.W.) akamwona ana athari ya manjano ya manukato nguoni, akamuuliza kulikoni. Akajibu kuwa ameoa mwanamke wa Ansari. Akaulizwa ametoa mahari gani, akasema dhahabu yenye uzito wa nawati. Wanavyuoni wameieleza nawati kuwa ni uzito wa dirham tano, nazo hazifiki gramu 16. Mtume (S.A.W.) akamwamrisha afanye walima, japo kwa mbuzi mmoja. Basi, mbuzi mmoja. Wazazi wenye mabinti ndani na orodha ya mahari mfukoni nawaachia wenyewe wapige hesabu.

Sasa nije kwenye vita, kwani hapa pana jambo ambalo hutajwa kwa haraka nalo lina uzito.

Badri ilikuwa mwaka wa 2 wa Hijra, ndio 624. Abdurrahman mwenyewe amesimulia kuwa alisimama katika safu, akatazama kulia na kushoto, akajiona yuko baina ya vijana wawili wadogo wa Ansari. Akatamani lau angekuwa baina ya watu wenye nguvu kuliko hao. Mmoja akamgusa, akamwita ami, akamuuliza kama anamjua Abu Jahli. Akamuuliza, wamtakia nini, mwana wa ndugu yangu? Kijana akasema amesikia kuwa anamtukana Mtume, na kwamba akimwona hatamwacha mpaka afe mmoja wao. Wa pili naye akamgusa upande wa pili, kwa siri, akauliza maneno yale yale. Abu Jahli alipotokea aliwaonyesha, wakamrukia kama vipanga. Napenda kuwa habari hii imetufikia kwa ulimi wa mtu mzima aliyekiri kuwa aliwadharau watoto kwa udogo wao, kisha akawasimulia kwa fahari mpaka uzeeni.

Lakini habari ninayoikusudia ni ya mtu mwingine, Umayya bin Khalaf. Huyu alikuwa mshirikina mkubwa wa Makka, ndiye aliyekuwa akimlaza Bilal mchangani juani na kumwekea jiwe kifuani. Naye kabla ya Uislamu alikuwa rafiki wa Abdurrahman. Baada ya Hijra waliandikiana mkataba kwamba Umayya amhifadhie Abdurrahman mali na watu wake walioko Makka, naye amhifadhie Umayya vya kwake vilivyoko Madina. Walipofika kwenye kuandika jina, Umayya akasema huyo Rahman hamjui, aandike jina lake la zamani. Likaandikwa Abdu Amr.

Siku ya Badri, vita vimekwisha kupinduka, Abdurrahman alikuwa amebeba deraya alizoziteka. Akamwona Umayya na mwanawe. Akaziacha deraya, akawachukua wao wawili mateka ili awaokoe roho zao. Bilal akamwona! Alipiga ukelele kuwaita Ansari, kwamba hakuna kuokoka iwapo Umayya ataokoka. Wakawafuata. Abdurrahman akamwacha yule mwana nyuma ili awashughulishe, wakamuua wakaendelea kufuata. Umayya alikuwa mtu mnene, mzito wa kwenda. Abdurrahman akamwambia apige magoti, kisha akajilaza juu yake amkinge kwa mwili wake. Wakampenyezea panga chini yake mpaka wakamuua, na upanga mmoja ukampata Abdurrahman mguuni. Alama ya jeraha lile ilibaki juu ya unyayo wake, na alikuwa akiwaonyesha watoto wake. Na alikuwa akisema, Mungu amrehemu Bilal, deraya zangu zimekwenda na mateka wangu amenitia uchungu kwao.

Msomaji, usikimbilie kuhukumu. Bilal alikuwa na haki yake, na nani atamlaumu mtu aliyelazwa juu ya mchanga wa Makka? Lakini mtazame na Abdurrahman. Mtu huyu amekuja vitani kuupigania Uislamu, na kovu moja mwilini mwake limetokana na panga za Waislamu wenzake, kwa sababu alikuwa na mkataba na adui naye hakutaka uvunjike kwa upande wake. Imamu Bukhari, aliyekufa mwaka 256 wa Hijra, hadithi hii hakuiweka katika vita peke yake. Ameiweka katika kitabu cha uwakala, pale anapoeleza kuwa Muislamu aweza kumfanya asiyekuwa Muislamu wakili wake wa mali. Mwanachuoni mkubwa ameliona jeraha la vita akalisomea sheria ya biashara. Kwetu, mtu ana karatasi ya deni iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi, aliyemkopesha ni ndugu yake wa safu moja msikitini, na bado humzungusha kwa Idi tatu.

Uhud, mwaka uliofuata, ilimwacha kilema. Watu walipotawanyika yeye alikuwa katika waliosimama na Mtume (S.A.W.). Riwaya zasema alipata majeraha 20 au zaidi. Meno yake ya mbele yalivunjika, na mengine yakampata mguuni, akawa anachechemea umri wake wote uliobaki. Kwa hiyo yule tajiri wa Madina ambaye watu humfikiria amekaa juu ya mto akihesabu dinari, alikuwa ni mzee mwenye pengo mdomoni, akichechemea sokoni. Saad bin Rabii, yule ndugu yake aliyemtolea nusu ya mali, hakurudi Uhud. Alikufa shahidi.

Mengine nayapita upesi. Mwaka wa 6 Mtume (S.A.W.) alimfunga kilemba kwa mkono wake akamtuma Dumatul Jandal, na huko akaoa Tumadhir binti wa mkuu wa kabila la Kalbi. Katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9, Mtume (S.A.W.) alichelewa Sala ya Alfajiri, watu wakamtanguliza Abdurrahman asalishe, Mtume akaja akasali nyuma yake rakaa moja, akamaliza iliyombakia, akawaambia kuwa wamefanya vyema. Muuza samli kasalisha, na Mtume wa Mwenyezi Mungu yuko nyuma yake.

Sasa iko hadithi moja ambayo kwa ajili yake khasa nimeshika kalamu. Husimuliwa kuwa msafara wa Abdurrahman wa ngamia 700 uliingia Madina mpaka mji ukatetemeka kwa kelele, na Bibi Aisha akasema kuwa amemsikia Mtume (S.A.W.) akisema amemwona Abdurrahman akiingia Peponi kwa kutambaa, kwa sababu ya wingi wa mali. Hadithi hii inapendwa sana na watoa mawaidha. Miaka iliyopita, katika hitima ya mfanyabiashara mmoja wa mtaani kwetu, mtu mwema aliyesali safu ya kwanza maisha yake, mhubiri mmoja aliisoma yote tena kwa sauti ya kuliza, na akina mama wako ndani nyuma ya pazia wanasikia. Siku ya pili mjane, naye yumo edani, alimtuma mwanawe kwangu. Kijana akakaa kitako, akaniambia, “Sheikh, mama anauliza, je baba naye atatambaa?”

Nilimfungulia kitabu. Hadithi hii imo katika Musnad ya Imamu Ahmad, lakini njia yake inapita kwa mpokezi dhaifu, Umara bin Zadhan, na Imamu Ahmad mwenyewe ameikataa. Ibnul Jauzi ameitia katika kitabu chake cha hadithi za uongo, na amewakemea wanaoitumia kuwatia watu hofu na mali ya halali. Na akili nayo yashuhudia, kwani Abdurrahman ni katika wale kumi, na waliomo humo wenye mali si yeye peke yake. Uthman alikuwa nayo, Talha alikuwa nayo, Zubeir alikuwa nayo. Nilimwambia yule kijana, “Nenda kamwambie mama kuwa mali haimtambazi mtu. Atazame baba yako aliipataje na alimtoa nani haki yake, na kama liko deni la watu lilipeni leo.” Alikwenda, na baada ya magharibi akarudi na daftari la deni.

Nasema haya kwa sababu kumtia mjane khofu kwa hadithi isiyothibiti ni dhuluma, hata kama nia ya msemaji ni njema. Na tena inatupeleka mbali na lile lililothibiti, nalo ni zito kuliko hilo.

Lililothibiti ni hili. Siku moja Abdurrahman alikuwa amefunga, akaletewa chakula cha kufuturia. Alipokitazama akamkumbuka Musab bin Umeir, aliyeuawa Uhud. Akasema kuwa Musab alikuwa bora kuliko yeye, naye alikafiniwa kwa shuka moja, akifunikwa kichwa miguu huonekana, akifunikwa miguu kichwa huonekana. Akamtaja Hamza kwa mfano huo. Kisha akasema kuwa wao wamekunjuliwa dunia, na anaogopa isije ikawa malipo ya mema yao wamekwisha kuharakishiwa. Akalia mpaka akakiacha chakula. Naam, huyu hakuhitaji mhubiri wa kumtisha. Alikuwa na maiti za wenzake machoni miaka ile yote.

Katika nyumba na jamaa zake, nakutajia machache. Abu Raddad alipougua Abdurrahman alikwenda kumtazama, na mgonjwa akasema kuwa mbora wa watu na mwenye kuunga zaidi udugu ni yeye. Hapo Abdurrahman akasimulia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), kwamba Mwenyezi Mungu ameuumba udugu wa tumbo akautolea jina kutokana na jina Lake Rahman, mwenye kuuunga Naye humuunga, na mwenye kuukata Naye humkata. Jina lile lile ambalo Umayya alikataa liandikwe. Na baada ya kufa Mtume (S.A.W.) aliwatazama wake zake, Mama wa Waislamu, akawausia bustani iliyouzwa kwa 400,000. Mwanawe kwa Tumadhir, Abu Salama, hakuwa mfanyabiashara wa kutajwa. Akawa mmoja katika mafakihi wakubwa wa Madina.

Na hapa nirudi kwa Saad bin Rabii. Alipokufa Uhud aliacha mjane na mabinti wawili. Ndugu yake Saad akaja akachukua mali yote, kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu. Mjane akawachukua mabinti akaenda nao kwa Mtume (S.A.W.), akasema kuwa hawa ni binti za Saad, baba yao ameuawa akiwa nawe, na ami yao hakuwaachia kitu, nao hawaolewi bila ya kuwa na mali. Ikashuka Aya ya mirathi. Mtume (S.A.W.) akamwita yule ami, akamwamrisha awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumni, na kilichobaki ndicho chake. Fikiri, ewe msomaji. Mali ile ambayo nusu yake Abdurrahman aliikataa ndiyo iliyokuja kugawanywa kwa hukumu ya mwanzo ya mirathi ya mabinti. Nusu ile ingeondoka, sijui yule ami angekuta nini na mabinti wangepata nini.

Nayo mas-ala haya hayajafa. Ziko nyumba katika miji yetu baba amekufa miaka 10 nyuma, na mirathi haijagawanywa. Kaka mkubwa yuko dukani, ufunguo uko kiunoni. Dada zake wakija hupewa soda wakae, na Idi hupelekewa kanga pea moja moja, na wakisema neno huambiwa wanataka kuvunja jina la baba. Mjane wa pili, ambaye hakuzaa, huambiwa akatafute kwao. Na watu hawa hawa wamefunga, wamesali, na picha ya Kaaba imo ukutani juu ya sanduku la fedha.

Sayyidna Umar alipopigwa kisu, mwaka 23 wa Hijra, aliwaachia watu sita shauri la kumchagua Khalifa, Abdurrahman akiwemo. Akajitoa mwenyewe ili aaminiwe kupima baina ya wenzake, akazunguka akiuliza watu kwa siku tatu; usiku wa mwisho alimgongea mpwawe Miswar mlango, akamwambia kuwa siku hizo tatu hakupata usingizi wa maana. Akambai Uthman. Ukubwa ulimfikia mlangoni, naye akarudi kwenye ngamia zake.

Alikufa mwaka wa 32 wa Hijra, 652, umri wake miaka sabini na kitu, akazikwa Baqii. Riwaya zasema dhahabu aliyoiacha ilikatwa kwa shoka. Aliacha wake wanne. Tumadhir alikuwa amempa talaka akiwa katika maradhi yake ya mwisho, lakini Khalifa Uthman akamrithisha. Mmoja katika wajane alisuluhishwa fungu lake, robo ya thumni, kwa 80,000. Piga hesabu, robo ya thumni ni fungu moja katika 32. Ikiwa ndivyo lilivyokuwa fungu la mjane mmoja, mirathi yote ilipita milioni mbili na nusu, na ikagawanywa. Hakuna kaka aliyekaa na ufunguo.

Kabla ya mirathi ulitolewa wasia wake. Aliusia kila mtu aliyepigana Badri naye yungali hai apewe dinari 400. Walihesabiwa wakapatikana 100. Walikuwa wazee kama yeye, baadhi yao maskini, na baadhi yao wana mali kuliko warithi wake. Uthman naye ni katika waliohesabiwa, Khalifa wa Waislamu na tajiri anayejulikana. Alichukua 400 zake kama wenzake, akasema kuwa mali ya Abdurrahman ni halali safi, na chakula chake kina baraka.